Ndama wa Mkomazi Katikati ya Albamu ya Huzuni: Kisa cha Damon Albarn na Everyday Robots

Kwa Kipare, mko ni mwiko na mazi ni maji. Ndivyo jina la hifadhi ya Mkomazi, kaskazini mashariki mwa Tanzania, linavyoelezwa: mahali pakavu ambapo maji hupatikana kwa kipimo cha mwiko mmoja. Ukitoka Same mjini hukawii kufika lango la Zange, na ukishaingia ni nyika, vichaka vya miiba na vilima hadi mpaka wa Kenya, ambako tembo huvuka kwenda Tsavo na kurudi bila kuulizwa pasipoti.

Huko ndiko ulikotokea wimbo wa nne wa Everyday Robots, albamu ya mwanamuziki Mwingereza Damon Albarn iliyotolewa tarehe 28 Aprili 2014. Wimbo unaitwa Mr Tembo, na Mr Tembo mwenyewe alikuwa ndama wa tembo, yatima, aliyechukuliwa na watu wanaotunza wanyama huko Mkomazi. Albarn alimkuta alipokwenda kutembea, akamtungia wimbo. Hadithi yenyewe ni fupi kiasi kwamba ungeweza kumsimulia mtoto akalala kabla chai yako haijapoa.

Tatizo ni mahali ilipowekwa. Albamu ina nyimbo 12, na ukiondoa vipande viwili vifupi vya ala tupu, karibu zote zinakwenda polepole, sauti ya mwimbaji ikiwa chini, maneno yakihusu upweke, simu, ndoa iliyonyamaza, dawa za kulevya na utoto uliopita. Halafu ghafla anaingia tembo mdogo, ukulele, yaani kigitaa cha nyuzi nne, mkononi mwa mwimbaji na kwaya ya kanisa nyuma yake. Wapo wahakiki walioona ni kituko, wimbo wa chekechea uliopotea njia ukajikuta msibani. Mimi mwenyewe, kwa miezi kadhaa, nilikuwa nauruka. Kisa ninachotaka kukichambua ni hicho: mtu mwenye umri wa miaka 46 anatoa albamu yenye jina lake peke yake, anaamua kusema ukweli wa maisha yake, na katikati ya ukweli huo anamweka mnyama wa Mkomazi. Je, ni kosa la mpangilio, au ndipo albamu nzima ilipofungwa kifundo?

Kwanza tujue ni nani huyu. Alizaliwa Whitechapel, mashariki mwa London, Machi 1968, akakulia Leytonstone hadi alipokaribia miaka 10, kisha familia ikahamia kijijini Essex karibu na Colchester. Baba alikuwa msanii, mama alifanya kazi ya kubuni mandhari ya jukwaa la tamthilia. Shuleni huko Essex akakutana na Graham Coxon, mpiga gitaa, na urafiki huo ndio uliozaa bendi ya Blur. Albamu yao ya kwanza ilitoka 1991. Kufikia Agosti 1995 Blur na bendi pinzani ya Oasis walitoa nyimbo zao siku moja makusudi, magazeti ya Uingereza yakaandika kana kwamba ni fainali ya mpira, na Blur wakashinda wiki hiyo kwa nakala 274,000 dhidi ya 216,000. Ushindi wenyewe haukudumu, maana Oasis ndio waliouza albamu nyingi zaidi baadaye. Jambo la kukumbuka ni kwamba uso wa Albarn wakati huo ulikuwa kila mahali.

Kisha akaamua uso usionekane. Mwaka 2001 yeye na mchoraji Jamie Hewlett walitoa albamu ya kwanza ya Gorillaz, bendi ambayo wanachama wake ni vibonzo. Katika maonyesho yao ya mwanzo wanamuziki halisi walipiga nyuma ya pazia huku watazamaji wakiangalia katuni kwenye skrini kubwa. Albarn aliimba gizani. Kibiashara jambo hili lilimpaisha kuliko Blur walivyowahi kufika, hasa Marekani, na liliendelea kwa zaidi ya miaka 10.

Na pale ambapo hakujificha nyuma ya katuni, alijificha nyuma ya wenzake. Mwaka 2002 alitoa Mali Music, jina lake likiwa sambamba na la Afel Bocoum na la bingwa wa kora, ala ya nyuzi ya Afrika Magharibi, Toumani Diabaté. Mwaka 2006 akawa miongoni mwa waanzilishi wa Africa Express, mradi wa kuwakusanya wanamuziki wa Afrika na wa Ulaya jukwaa moja. Alipiga na Tony Allen, mpiga ngoma aliyejenga mdundo wa Afrobiti pamoja na Fela Kuti wa Nigeria, katika bendi mbili tofauti. Mwaka 2011 alikwenda Kinshasa na kundi la maprodyuza, wakarekodi albamu nzima na wanamuziki wa jiji hilo ndani ya siku tano kwa ajili ya shirika la misaada la Oxfam. Mwaka huohuo ikaonyeshwa opera aliyoitungia muziki kuhusu John Dee, mnajimu wa Malkia Elizabeth wa Kwanza.

Kwa hiyo mtu akiiita Everyday Robots albamu ya kwanza ya Albarn peke yake, anasema kweli lakini inabidi aongeze maneno. Muziki wa ile opera ulitolewa kwa jina lake. Na nyuma zaidi, 2003, kulikuwa na Democrazy, rekodi za rasharasha alizozifanya kwenye vyumba vya hoteli Marekani, zikatolewa kwa santuri chache. Ile ilikuwa daftari la mazoezi. Mtunzi akikufungulia daftari lake haina maana amekuambia habari zake.

Aliyemlazimisha kusema habari zake, kwa jinsi ninavyousikia muziki huu, ni prodyuza Richard Russell, mmiliki wa lebo ya XL Recordings. Njia ya Russell kufika kwa Albarn inaeleza mengi. Mwaka 2010 alikuwa ametayarisha albamu ya mwisho ya Gil Scott-Heron aliyotoa akiwa hai, rekodi fupi isiyofika nusu saa, ambamo mshairi yule wa Kimarekani aliyechakazwa na maisha aliwekewa mdundo mkavu na nafasi kubwa ya kupumua. Mwaka uliofuata Russell alikuwa mmoja wa maprodyuza waliokwenda Kinshasa pamoja na Albarn. Mwaka 2012 wawili hao wakatayarisha albamu ya Bobby Womack, mkongwe wa soul, kwa mtindo uleule: ondoa vinanda vya mapambo, ondoa magitaa ya kujionyesha, acha sauti ya mzee isimame na mikwaruzo yake. Sasa ikawa zamu ya Albarn mwenyewe kukaa kwenye kiti kile. Alikuwa mdogo kuliko wale wawili kwa miaka mingi, lakini alitendewa kama wao.

Tuna msemo kwamba mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Albarn alikuwa amesifiwa tangu 1994. Ana kipaji cha kutunga haraka, na watu wenye kipaji hicho huwa na shida moja, nyimbo huwa nyingi na hakuna wa kuwaambia hapana. Russell alipewa rundo la nyimbo achague. Albarn akabaki mtunzi na mwimbaji, mwenzake akabaki na mkasi. Ukisikiliza utaona mkasi ulipopita. Ngoma ni mibofyo na makofi ya mbali, kama mtu anayegonga meza kwa kucha. Piano inacheza noti chache na kunyamaza. Nyuzi zinapita kama upepo wa mlangoni. Hakuna hata wimbo mmoja ambao gitaa la umeme linapandishwa sauti kama enzi za Blur. Kwa msikilizaji aliyekuja kutafuta roki, ni albamu ya kukatisha tamaa, na sitaki kumlaumu mtu wa namna hiyo. Nami nilichoka nayo mara mbili kabla haijanishika.

Jalada linasema hivyohivyo. Albarn ameketi, ameinamisha kichwa, nyuma yake kweupe patupu. Hakuna katuni wala mandhari. Unaweza kuhesabu mikunjo ya koti.

Wimbo wa kwanza ndio uliobeba jina la albamu, na ndio uliowafanya wengi waiite albamu ya kulalamikia teknolojia. Unaanza na sauti ya Lord Buckley, mchekeshaji wa Kimarekani wa zamani, akisema kuhusu watu wasiojua wanakokwenda ila wanajua kwamba pale walipo sipo. Kisha Albarn anaimba kuhusu maroboti ya kila siku walio na simu zao njiani kurudi nyumbani. Watu wakasema: ah, mzee wa miaka 46 anawasema vijana kwa sababu ya simu. Ni hukumu ya haraka, na kosa lake liko kwenye kiambishi kimoja. Albarn anaimba sisi, haimbi ninyi. Kwa Kiswahili tofauti hiyo huwezi kuikwepa, maana iko mwanzoni mwa kila kitenzi: tunabofya, si mnabofya.

Na ana sababu ya kujihesabu ndani. Huyu ndiye aliyeimba nyuma ya skrini miaka yote ile. Mwaka 2010, akiwa kwenye ziara ya Gorillaz huko Amerika Kaskazini, alirekodi sehemu kubwa ya albamu nyingine ya kundi hilo kwa kutumia iPad, akiwa hotelini na barabarani. Video ya wimbo Lonely Press Play kwenye albamu hii ameipiga mwenyewe kwa tableti akiwa safarini. Video ya wimbo wa kwanza ni uso wake ukijengwa na kompyuta kuanzia fuvu, misuli ikipandikizwa juu ya mfupa hadi mtu atokee. Anayeimba kwamba tumekuwa maroboti ndiye anayekuonyesha roboti lenye sura yake. Sioni lawama kwa wengine hapo. Naona mtu aliyechunguza damu yake maabara akaja na majibu.

The Selfish Giant una picha moja inayonirudia kila mara: ni vigumu kuwa mpenzi wa mtu televisheni ikiwa imewashwa na machoni hamna kitu. Mwimbaji Natasha Khan, anayejulikana kwa jina la Bat for Lashes, anaimba kwa mbali nyuma yake, sauti kama ya mtu aliye chumba cha pili. Huo ndio ugomvi wa ndoa nyingi siku hizi, hakuna anayepiga kelele, hakuna anayevunja sahani. Kuna mwanga wa buluu ukutani na watu wawili wanaoutazama.

Hostiles na Photographs zinazungukia eneo hilohilo. Ule wa picha unatumia sauti ya Timothy Leary, yule mwalimu wa Kimarekani wa enzi za mahipi, akionya kuhusu picha unazopiga sasa. Ni nyimbo nzuri ambazo sitazikalia.

Nitakalia Hollow Ponds. Haya ni mabwawa ya Leytonstone, mashimo ya zamani ya kuchimbia kokoto yaliyojaa maji, kando ya hospitali ya Whipps Cross, pembeni mwa msitu wa Epping. Watu hukodi mitumbwi ya kupiga makasia siku za jua. Wimbo unakwenda kwa miaka badala ya beti, mwaka unatajwa, picha moja inatolewa, basi, tunahamia mwaka mwingine. Unaanza na joto la 1976. Waingereza waliokuwepo bado wanausimulia mwaka huo kama sisi tunavyosimulia El Niño: mabwawa yalikauka, watu wakapanga foleni na ndoo kwenye mabomba ya mtaani, bunge likapitisha sheria ya ukame na serikali ikamkabidhi waziri mmoja kazi ya kushughulikia ukosefu wa maji. Albarn alikuwa na miaka minane. Kwa kiangazi kimoja Uingereza yote ilikuwa mko wa mazi.

Miaka inaendelea. Barabara kubwa inaukata mtaa wake. Hili nalo ni jambo la kweli, kwa sababu katika miaka ya 1990 barabara ya kuunganisha London na barabara kuu ya M11 ilipitishwa Leytonstone na jirani zake, mamia ya nyumba yakabomolewa, na waandamanaji walikaa juu ya mapaa na kwenye miti kuzuia tingatinga. Mtu aliyeondoka pale akiwa mtoto akirudi anakuta nusu ya kumbukumbu zake ni lami. Kisha inafika 1993 na maneno yaliyopigwa rangi ukutani kuhusu maisha ya kisasa, ambayo ni chimbuko la jina la albamu ya pili ya Blur. Kwa mara ya kwanza katika wimbo, Albarn maarufu anajitokeza, lakini anajitokeza kama maandishi ya ukutani, hata jina halitaji. Sijui wimbo mwingine wa mtu maarufu unaoupita umaarufu wake kwa mstari mmoja hivyo.

You & Me unapita dakika saba na ndipo anaposema jambo alilokuwa amelizungukia kwa miaka. Mwishoni mwa miaka ya 1990, kileleni mwa mafanikio yake, alitumia heroini, unga kama wanavyouita vijana wa mwambao. Wimbo unataja karatasi ya foili na kiberiti cha gesi, na ratiba ya siku tano za kutumia na mbili za kupumzika, kama vile ni zamu ya kiwandani. Mwaka ule albamu ilipotoka alizungumza wazi na waandishi kuhusu jambo hilo, na magazeti yakashikilia hapo, kama kawaida. Wimbo wenyewe hauna tangazo wala kilio cha toba. Umewekwa mitaa ya Notting Hill, London, na anapita humo Moko Jumbie, yule mchezaji wa kanivali ya Karibea anayetembea juu ya magongo marefu, ambaye asili yake inarudishwa Afrika Magharibi. Mlevi amekaa chini na foili yake, na juu kabisa kuna kiumbe kirefu kinachopita bila kumwona. Brian Eno, mwanamuziki na prodyuza wa Kiingereza, yumo katika wimbo huu, sauti na vyombo vyake vikiwa kama ukungu.

Sasa turudi kwa tembo, ambaye kwenye albamu anatangulia hayo yote mawili.

Kwetu jina lake lina kichekesho ambacho nadhani Albarn hakukijua. Kwanza, Mr Tembo ni Bwana Tembo, na Bwana Tembo ni mtu wa hadithi, jirani wa Bwana Sungura na Mzee Kobe. Ukisikia jina tu unasubiri mtu aseme paukwa. Pili, kuna watu wenye ukoo huo, hasa Zambia na Malawi. John Tembo wa Malawi alikuwa mwanasiasa mzito, na nina rafiki wa Blantyre aliyeamini kwa muda mrefu kwamba wimbo ni wa kisiasa. Tatu, mtu wa Tanga, Pemba au Mombasa anaweza kusikia pombe ya mnazi, na kwake Bwana Tembo anayepanda kilima kwa shida ana maelezo mengine kabisa. Sarufi ndiyo inayowatenganisha: tembo wa porini ni huyu, tembo la mgema ni hili.

Lakini 2014 haukuwa mwaka wa kuchekea tembo Tanzania. Sensa ya 2009 ilikuwa imehesabu tembo wapatao 109,000 nchini. Sensa ya 2014, mwaka wa albamu hii, ilikuta kama 43,000. Zaidi ya nusu walikuwa wametoweka ndani ya miaka mitano, sababu kubwa ikiwa ujangili wa pembe, na eneo lililoumia zaidi likiwa kusini, Selous na Ruaha. Ndama yatima katika miaka hiyo alikuwa habari ya kawaida, kama mtoto wa mtaani jijini. Wimbo hausemi lolote kuhusu hayo. Hauna bunduki wala pembe. Unasema yuko njiani akipanda, yupo mahali ambapo hakupanga kuwapo, na ana wimbo tu wa kueleza anavyojisikia.

Hapo kwenye kutopanga kuwapo ndipo ninapoguswa kwa sababu nyingine, ambayo si ya Albarn. Mkomazi ilikuwa pori la akiba tangu 1951, na ng'ombe walikuwa wakilishwa humo. Mwaka 1988 wafugaji, Wamaasai na Wapare, waliondolewa na mifugo yao. Baadhi walifungua kesi na shauri likafika hadi Mahakama ya Rufani, wakashindwa. Mwaka 1989 alikuja Tony Fitzjohn, Mwingereza aliyewahi kufanya kazi na George Adamson wa simba kule Kora, Kenya, akaanza kazi ya kulifufua pori, barabara, viwanja vya ndege, hifadhi ya faru weusi, uzalishaji wa mbwa mwitu. Mwaka 2008 likawa hifadhi ya taifa. Faru wapo, tembo wameongezeka, na hiyo ni kazi ya kweli. Lakini mtu wa Same akisikia mstari kuhusu aliyeko mahali asipopanga kuwapo, anaweza kumfikiria mzee wa boma fulani kabla hajamfikiria tembo. Mgeni aliyepita na ukulele asingeweza kuliona hilo, na simdai. Nalisema kwa sababu wimbo ukishatoka ni wa anayeusikia.

Kuna ninachomdai, lakini. Huyu ni mtu aliyerekodi na wenyeji Mali, aliyewaita wanamuziki wa Kinshasa studioni kwa siku tano, anayejua kwa vitendo jinsi ya kumpa mwenyeji kipaza sauti. Kutoka kwetu amechukua neno moja. Kwaya inayoimba Mr Tembo ni Leytonstone City Mission Choir, ya kanisa la Kipentekoste la mtaa aliokulia. Same, Moshi na Lushoto zina kwaya kila kona. Kama kuna kitu ambacho Tanzania haikosi ni watu wanaoweza kuimba sauti nne bila kinanda. Nilipousikia mara ya kwanza nilikasirika kidogo kwa jambo hili.

Baadaye nikaona kwamba kwaya ya Leytonstone ndiyo ufunguo. Kwa nini mtu amtoe tembo Mkomazi na kumpeleka kwa waimbaji wa mtaa wake wa utotoni? Tazama yaliyomo. Ndama amepoteza kundi lake. Tembo huishi kwa kundi la majike, mama, shangazi, nyanya, na ndama aliyebaki peke yake hana namna ya kuishi ila apate wengine wa kushikamana nao. Huyu alichukuliwa na binadamu, akapewa jina. Mtoto wa Leytonstone naye alihamishwa akiwa na miaka kama 10, akapelekwa kijijini, na maisha yake yote yaliyofuata yamekuwa ya kutafuta kundi: Blur, vibonzo, Wamali, watu wa Kinshasa, Tony Allen, Womack. Ukizihesabu bendi na miradi ya Albarn unachoka, na wengi husema ni tamaa ya kazi. Mimi naona tabia ya ndama. Kila akifika boma jipya anasogea karibu.

Ndipo kwenye albamu hii, ya kwanza aliyosema habari zake kwa jina lake bila mwenza, anapomwimbia ndama na kumpa kundi. Kundi analompa ni lile alilolipoteza yeye. Kwaya hiyo inarudi mara moja tu, wimbo wa mwisho, Heavy Seas of Love, ambapo Eno anaimba beti na wanakwaya wanapandisha kiitikio kama watu wanaovuta jahazi pwani. Nyimbo mbili zenye watu wengi, na kati yake mtu mmoja ndani ya nyumba.

Ukilikubali hilo, Mr Tembo hauwi tena wimbo wa chekechea uliopotea. Unakuwa wimbo pekee ambao Albarn ameweza kusema naogopa kuwa peke yangu bila kuinamisha kichwa, kwa sababu hajisemi yeye. Ni hila ya kale ya wasimulizi wetu: ukitaka kumsema mtu aliyeketi mbele yako, mpe mkonga. Albarn alimpa mkonga mtu aliyekuwa akijitazama kwenye kioo.

Sisemi kila kitu kimekaa sawa. Ukulele wa Mr Tembo una utamu uliozidi kijiko kimoja, na kama ningekuwa na mkasi wa Russell ningepunguza mrudio wa mwisho. The History of a Cheating Heart unaanza vizuri kwa gitaa la kawaida kisha haufiki popote. Seven High ni dakika moja ya hewa.

Albamu ilifika nafasi ya pili kwenye chati ya Uingereza na ikaingia kwenye orodha fupi ya Mercury, tuzo ya albamu bora ya Uingereza, mwaka huo, ambayo ilichukuliwa na Young Fathers wa Edinburgh. Bobby Womack alifariki miezi miwili baada ya albamu kutoka. Novemba 2014 Albarn alipiga usiku mbili Royal Albert Hall, na inachekesha kidogo kwamba onyesho la albamu ya upweke lilijaa watu jukwaani: Coxon wa Blur, kundi la rapu la De La Soul, rapa Kano, Afel Bocoum kutoka Mali, Eno. Mwaka uliofuata Blur walirudi na albamu mpya. Albamu yake ya pili ya peke yake ilisubiri hadi Novemba 2021, na hiyo ilianzia Iceland, kwenye baridi, bila mnyama hata mmoja wa kwetu.

Nikiisikiliza siku hizi siruki chochote kati ya wimbo wa nne na wa sita. Kwaya inaisha, tembo amefika juu ya kilima au hajafika, wimbo hausemi. Kinafuata kile kipande kifupi kiitwacho Parakeet, hakifiki hata dakika moja. Halafu piano inaingia polepole, na tuko sebuleni tena, televisheni imewashwa.